Tuwape Wanafunzi Ndege ya Kuunda, Si ya Kununua

Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia sekondari pevu, na miongoni mwao wamo waliochagua mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ningependa walimu wenzangu na wanafunzi wetu walitafakari pamoja nami. Je, mwanafunzi huyu tunayemwita wa sayansi ameunda nini kwa mikono yake mwenyewe? Siulizi amenunua nini. Wala siulizi mzazi wake alikesha akimkatia nini na kumbandikia gundi wapi, ili alfajiri kazi ipelekwe shuleni ikapewe alama. Nauliza ni kitu gani amekiunda, kikavunjika, naye akakitengeneza tena.

Jibu la wengi, tukisema kweli, ni kwamba hakuna. Mwanafunzi wetu anajua kukariri kanuni za mwendo wa duara, na anajua kubonyeza kioo cha simu kwa ustadi wa kuajabisha, lakini ukimpa msumeno mdogo, kipande cha ubao na gundi, anakutazama kama aliyeulizwa lugha ya mbali. Hilo si kosa lake. Sisi tuliomlea na kumfundisha ndio tuliompangia maisha ambamo vitu vyote huja vikiwa tayari.

Kwa sababu hiyo ninalo pendekezo, na huenda likawachekesha baadhi yenu. Napendekeza shule zetu ziwe na vikundi vya wanafunzi wanaounda ndege ndogo ya mtindo wa kale, ile inayoongozwa kwa nyuzi mbili, lakini isukumwe na mota ya umeme badala ya injini ya mafuta. Kabla hujacheka, msomaji, nivumilie kidogo nikueleze ndege yenyewe ni kitu gani.

Ni ndege ya mfano ambayo mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, hayazidi sentimita 50 hivi. Katika bawa, karibu na kiwiliwili, mna wenzo mdogo wa pembetatu uliofungwa kwa parafujo ili uweze kugeuka. Pembe mbili za wenzo huo zimeshikana na nyuzi mbili nyembamba zinazopitia kwenye ncha ya bawa la kushoto hadi kwenye mpini ulio mkononi mwa mrushaji, umbali wa mita 10. Pembe ya tatu imeshikana na waya mgumu unaokwenda mpaka mkiani na kukisukuma au kukivuta kibawa cha nyuma. Mrushaji akiinamisha mpini upande mmoja, uzi mmoja huvutika, kibawa cha mkia huinuka na ndege hupanda. Akiuinamisha upande wa pili, ndege hushuka. Haina redio, haina programu, haina mtambo wowote uliofichwa. Mrushaji husimama katikati, ndege humzunguka, naye hugeuka pamoja nayo. Aliyekulia kijijini akisukuma gari la waya lenye usukani mrefu ataielewa mara moja, na aliyerusha tiara anaujua tayari mvuto wa uzi kiganjani.

Sasa wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa watoto, na kwamba shule si mahali pa michezo. Historia inawasuta. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha mjini Paris ndege ndogo iliyosukumwa na mpira uliosokotwa, ikaenda mita 40 hivi kwa muda wa sekunde 11. Mwaka 1878 Milton Wright wa Marekani aliwaletea wanawe, Wilbur na Orville, kichezeo cha kupaa kilichotumia mpira vivyo hivyo, kilichotokana na kazi ya huyohuyo Pénaud. Kichezeo kilipoharibika, wavulana wale hawakulia wanunuliwe kingine, bali walijiundia vyao. Mwaka 1903 watoto hao, wakiwa sasa watu wazima, waliruka kwa ndege yenye injini waliyoiunda wao wenyewe. Nani basi atathubutu kusema kwamba kichezeo si elimu?

Ndege ya nyuzi nayo ilizaliwa mikononi mwa watu wa karakana ndogo. Katika jimbo la Oregon, Marekani, Oba St. Clair alikuwa akirusha ndege inayoongozwa kwa nyuzi katika miaka ya 1930. Katika jimbo hilohilo, mjini Portland, Jim Walker akaleta sokoni mwaka 1940 ndege aliyoiita Fireball, na mwaka 1942 akapewa hataza ya mfumo wake wa uongozaji. Katika miaka ya 1950 hataza hiyo ilifikishwa mahakamani, na kazi ya St. Clair iliyotangulia ikachangia kuibatilisha. Mwaka 1947 Ray Arden aliwatolea waundaji plagi ya kung'aa, iliyoziondolea injini ndogo mzigo wa koili na vifaa vingine vya kutoa cheche. Mwaka 1956 kampuni ya Leroy Cox ikatoa injini ya Babe Bee, yenye ujazo wa sentimita mchemraba 0.8 tu, kitu cha kutosha kiganjani. Kwa injini za namna hiyo vijana wengi wa Marekani wa zama zile walijifunza kuunda na kurusha.

Mbona basi mchezo wenye faida hivyo haukuota mizizi katika viwanja vya shule zetu? Sababu ni nyingi, lakini moja iko wazi, nayo ni injini yenyewe. Injini zile hunywa mchanganyiko wa methanoli, mafuta ya mbarika na nitromethani. Methanoli ni sumu, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Rafadha ilizungushwa kwa kidole mpaka injini ishike, na kidole kilichochelewa kiliumia. Mlio wake ulikuwa mkali kiasi cha kusimamisha masomo darasa la tatu kutoka hapo. Isitoshe, ikisha kuwaka, ndege huzunguka mpaka tangi likauke, utake usitake. Mwalimu mkuu gani angeyakubali hayo karibu na bweni?

Hapo ndipo umeme umebadili mambo. Mota ndogo isiyo na brashi, betri ya lithiamu yenye seli mbili, kidhibiti mwendo na kipima muda vinatosha kuirusha ndege ya gramu 200. Betri hiyo ina volti 7.4. Ikitoa ampea 5, mota inapata wati 37. Betri ikiwa na uwezo wa miliampea 450 kwa saa, nasi tukakubaliana kutotumia zaidi ya asilimia 80 ili tusiichoshe, ndege itaruka kwa dakika 4 na zaidi kidogo. Kipima muda kikifika mwisho, mota huzima na ndege hushuka taratibu ikiteleza hewani. Hakuna moshi, hakuna mafuta yanayoteleza mikononi, na darasa la jirani linaendelea na insha yake bila habari.

Wapo wapenzi wa vitu vya kale wanaonung'unika kwamba ndege ya zamani bila mlio na harufu ya mbarika si ya zamani tena. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Hataza ya Walker haikuwa ya injini. Ilikuwa ya namna ya kuiongoza ndege kwa nyuzi kutoka ardhini. Roho ya ndege hii imo katika wenzo, nyuzi na mkono wa mrushaji, na hayo yote yamebaki vilevile. Kilichobadilika ni punda, safari ni ileile. Mtu akiurithi mchoro wa zamani, akaunda bawa kwa vipimo vyake, akalipa mota ya leo, ameirudisha kazi ya wazee angani, nako ni kuienzi zaidi kuliko kuuacha mchoro uliwe na nondo kabatini.

Tuje sasa kwenye faida yake darasani. Mwendo wa duara ni mada ambayo mwanafunzi wa fizikia hukutana nayo kwa chaki na jiwe la kuwaziwa lililofungwa kwenye uzi wa kuwaziwa. Hapa jiwe lina mabawa. Ndege yenye tungamo la kilo 0.2, ikienda kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde kwenye nyuzi za mita 10, inauvuta mkono kwa kani ya Nyutoni 4.5, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Kila mzunguko ni mita 63 hivi, na unachukua kama sekunde 4.2. Mwanafunzi anaweza kuyahesabu hayo ubaoni asubuhi, na jioni akayapima uwanjani kwa saa ya mkononi. Kisha mwambie kasi ikipungua nusu, mvuto hushuka hadi robo, Nyutoni 1.1 tu, chini ya uzito wa ndege yenyewe, nyuzi hulegea, na mpini mkononi mwake hauamrishi tena chochote. Atakayeushika uzi uliolegea hatasahau kamwe kwamba kasi katika kanuni ile imezidishwa kwa kasi.

Hilo ndilo linaloeleza pia umbo la ndege, ambalo kwa mgeni linaonekana la ajabu. Mota huelekezwa kidogo nje ya duara. Usukani wa wima mkiani nao hugeuzwa nje. Ncha ya bawa la kulia hutiwa gramu chache za risasi au sarafu ndogo ili kulingana na uzito wa nyuzi upande wa pili. Kila kimoja kina kazi moja, kuzifanya nyuzi zibaki zimekazika. Mwulize mwanafunzi kwa nini, naye ataanza kufikiri kama mhandisi pasipo kuambiwa kwamba anafikiri kama mhandisi.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni ukweli. Ndege ya nyuzi haidanganyiki. Kitovu cha uzito kinapaswa kuwa kwenye robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, au mbele kidogo ya hapo. Kikirudi nyuma, ndege huwa na kichaa. Inapanda ghafla, inashuka ghafla, na mkono haupati nafasi ya kuituliza. Nimeshuhudia kikundi cha wanafunzi kikibishana kwa saa nzima juu ya ndege iliyojichoma ardhini mara tu ilipoachwa. Mmoja alilaumu mota, wa pili upepo, wa tatu mrushaji. Mwishowe msichana aliyekuwa kimya muda wote aliiweka ndege iliyovunjika juu ya ncha za vidole viwili, mkia ukalala chini, na ubishi ukaisha. Siku hiyohiyo walisogeza betri mbele ya bawa, wakaunganisha ubao kwa gundi, wakaupiga msasa. Hakuna alama niliyoweza kuwapa ambayo ingelingana na walichojipa wenyewe.

Naam, ajali ya kwanza ndiyo mtihani. Kazi iliyofanywa na mzazi usiku wa manane, au iliyonunuliwa dukani, haiwezi kuupita mtihani huo, kwa kuwa mwanafunzi hajui ndani mna nini wala aanzie wapi kuitengeneza. Aliyeiunda mwenyewe anaijua kila ungio, na kuvunjika kwake si msiba bali ni mlango wa kuingilia upya. Wahenga walisema kuvunjika kwa mwiko si mwisho wa kupika, na methali hiyo haijapata kuwa na mfano bora kuliko bawa la ubao na chupa ya gundi.

Najua kuna hoja nzito dhidi yangu, na si haki kuziruka. Ya kwanza ni kwamba dunia imesonga, na kwamba tuwanunulie wanafunzi droni badala ya kuwarudisha katika miaka ya 1940. Sizidharau droni hata kidogo. Nchini Rwanda tangu mwaka 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini, na kazi hiyo inaokoa maisha. Lakini tazama ndege hizo kwa makini utaona zina mabawa, rafadha na mota za umeme. Aliyeziunda alilazimika kwanza kulijua bawa. Droni ya kununua hujituliza yenyewe hewani. Kosa la mrushaji husahihishwa na chombo kabla mrushaji mwenyewe hajaligundua. Kwa mpiga picha hiyo ni neema, ila kwa anayejifunza ni hasara, maana kosa ambalo hukuliona halikufundishi kitu. Tuanze na nyuzi mbili, kisha droni itakuja ikiwa na maana.

Hoja ya pili ni gharama. Ubao wa balsa, unaosifika kwa wepesi wake, hutoka hasa Ekuado, na mota na betri huagizwa kutoka nje. Ni kweli. Hata hivyo ndege moja hutumiwa na kikundi kizima, na ikivunjika, mota na betri mara nyingi hubaki salama na kuhamia ndege nyingine. Bawa laweza kukatwa kutoka fomu nyeupe inayokuja na sanduku la runinga, likatiwa nguvu kwa ufito mwembamba. Wenzo waweza kukatwa kutoka bati. Mafundi wetu wa jua kali wametengeneza makubwa kuliko haya kwa vifaa duni kuliko hivi. Ninachokiogopa zaidi ni kwamba tukishikilia vya kununua peke yake, shule tajiri zitanunua na shule maskini zitatazama, na mkondo wa sayansi utakuwa mkondo wa wenye nazo.

Hoja ya tatu ni usalama, na juu ya hiyo siruhusu mzaha. Ndege hizi zisirushwe kamwe karibu na nyaya za umeme, kwa sababu uzi ukigusa waya wa umeme mkubwa, aliyeshika mpini anaweza kufa. Zisirushwe mvua ya radi inapotanda. Duara lichorwe ardhini kwa chokaa, lipite mwisho wa nyuzi kwa mita kadhaa, na asiingie mtu ila mrushaji na mwenzake wa kuiachilia. Kabla ya kila mruko nyuzi zivutwe kwa kani ya mara kumi ya uzito wa ndege, na mpini ufungwe kwa ugwe kwenye kifundo cha mkono. Rafadha ya umeme haizimiki inapogusa kidole kama ilivyozimika injini ndogo. Huendelea kusukuma, kwa hiyo betri iunganishwe mwisho kabisa, mikono ikiwa mbali. Betri ya lithiamu ichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mbele ya macho ya mtu mzima, na ikishavimba isitumike tena. Na kama shule iko karibu na uwanja wa ndege, idhini iombwe kwanza. Mwanafunzi anayejifunza kuzitii kanuni hizi kwa sababu anazielewa, wala si kwa kuogopa kiboko, amejifunza jambo ambalo kiwanda chochote kitamshukuru kwalo.

Tusijidanganye kwamba wazo la kufundisha kwa mikono ni geni kwetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi ufundi, na wazazi wakachanga Harambee kujenga karakana. Baadaye masomo ya ufundi yalipunguzwa, na kalamu ikarudi kutawala peke yake. Mtaala wa umilisi umetoa ahadi ileile kwa maneno mapya. Ahadi hii ya pili itavunjika kama ile ya kwanza ikiwa umilisi utakuwa picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa mwalimu, badala ya kitu kinachoshikika, kinachoanguka na kuinuka.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu tusingoje waraka. Mwalimu wa fizikia na wa ufundi wakikubaliana, wakapata wanafunzi wanane, mchoro mmoja, mota moja na betri mbili, kazi imeanza. Wanafunzi wagawane majukumu, huyu bawa, yule mkia, wengine nyuzi na umeme. Muhula wa kwanza uwe wa kuunda, wa pili wa kurusha, wa tatu wa kila mmoja kuandika kwa lugha yake alichovunja na jinsi alivyokitengeneza. Daftari hilo la mwisho ndilo ningependa lipewe alama.

Nanyi wanafunzi, msisubiri mwalimu awe na nafasi. Mwanzo mtapata kizunguzungu pale katikati ya duara. Dawa yake ni kuikazia macho ndege peke yake na kuusahau ulimwengu unaozunguka nyuma yake, na kuweka kipima muda kwenye dakika mbili mpaka mzoee. Ndege yenu ya kwanza itakuwa mbaya wa sura na nzito kuliko inavyotakiwa, na ikiruka mizunguko mitatu kisha ikaanguka, okoteni vipande vyote, hata vidogo. Mtavihitaji kesho.